UZI: Filamu fupi ya mtu aliyetoka gereza la Kasapa kuanza upya: senario, mbabula, mwanga, sauti (Lubumbashi)

Senario_Katuba

Habari wakubwa, habari wadogo. Tuna senario ya filamu fupi, kurasa 18, tunapiga hapa Lubumbashi mwezi wa 6 kwa siku tano. Hadithi ni hii: kijana aliiba waya wa shaba kwenye nguzo za umeme za mtaa wao, Katuba. Umeme ukakatika, samaki wote wa mama mmoja jirani wakaoza usiku uleule. Kijana akafungwa Kasapa miaka minne. Anatoka, anajifunza kazi ya kutengeneza mbabula, majiko ya bati ya makaa, kwa mzee mmoja, anataka kumlipa yule mama. Mwishoni mama anamkumbatia, wanalia wote wawili, kwaya inaimba.

Vifaa: kamera moja, lenzi ya mm 35 na ya mm 50, rekoda moja, mikro (maikrofoni) moja ya fimbo, mikro mbili za kifuani, taa mbili za LED za wati 60, jenereta ya kVA 2.5. Tuko watu wanane. Chambueni, msituonee haya.

Mwandishi_Kamalondo

Ndugu Senario, nianzie mwisho, maana hapo ndipo filamu yako inapofia. Machozi hayalipi samaki. Mtazamaji wa komine ya Kenya au Ruashi, hapa mjini kwetu, anajua katoni ya samaki wa barafu inauzwaje. Ukimwonyesha mama anafuta hasara yote kwa kumbatio moja, atakucheka, na akishacheka hatarudi tena ndani ya hadithi.

Toba kwenye sinema hutaiona usoni. Utaiona pale mtu anapotoa kitu ambacho angeweza kukaa nacho na hakuna ambaye angemuuliza. Kwa hiyo shika kalamu upige hesabu. Tuseme samaki walikuwa wa dola 240. Kijana akiuza mbabula, akala, akalipa nyumba, anaweza kutenga dola 5 kwa juma. 240 ukigawa kwa 5 ni Jumamosi 48. Karibu mwaka mzima mtu anapita njia ileile na noti mkononi. Filamu yako iko hapo.

Huwezi kuonyesha 48, onyesha nne. Ya kwanza mama hapokei, kijana anaiweka pesa juu ya mizani na kuondoka. Piga mizani kwa karibu: noti imelala kwenye sahani, mshale haukusogea. Ya pili, tuseme ni ya 10 kwa hesabu, mama anapokea bila kuinua macho, mikono imejaa magamba, noti anaishika kwa vidole viwili. Ya tatu ni Jumamosi ambayo kijana hakuja. Ya nne ni ya mwisho.

Ile ambayo hakuja ndiyo inayobeba filamu. Hapo aingie rafiki wa zamani. Msimfanye shetani, tafadhali. Kijana alipokamatwa hakumtaja, kwa hiyo rafiki anajiona ana deni kwake, na anakuja kulilipa kwa njia anayoijua: kazi ya usiku mmoja, dola 50. Hiyo ni Jumamosi 10 kwa mara moja. Kishawishi kizuri huja kwa sarafu ileile ambayo mhusika anaitumia kujirekebisha. Kikija kwa pombe au mwanamke mzuri, tumekwisha kuziona filamu hizo.

Waya_na_Nguzo

Niingilie hapo kwenye umeme, maana senario ina kosa na kosa lenyewe likirekebishwa litakusaidia.

Samaki wa barafu hawaozi usiku mmoja. Friji ya kulala iliyojaa, isipofunguliwa, hushika barafu kama saa 48. Ikiwa nusu, kama saa 24. Ukiandika "usiku uleule", kila mama wa sokoni atajua mwandishi hajawahi kuuza samaki. Mama anakaa siku mbili bila kufungua kifuniko, akitumaini umeme utarudi. Siku ya tatu anafungua. Hapo umepata onyesho, na halihitaji neno hata moja.

La pili: aliiba waya gani? Kwenye laini ya mtaa kuna waya tatu za fazi, zinazoleta umeme, na moja ya nyutro, ya kuurudisha. Kati ya fazi na nyutro ni volti 220, kati ya fazi na fazi ni 380. Ukikata fazi moja, nyumba zilizo kwenye fazi hiyo zinazimika tu. Ukikata nyutro wakati fazi zina moto, nyumba za mtaa zinabaki zimeungana fazi kwa fazi, volti zinagawanyika vibaya: kwingine taa zinafifia, kwingine zinapanda kuelekea 380. Friji, televisheni, chaja, vyote vinaungua ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kijana anaweza kuwa alichukua waya mmoja, akauza kwa kilo, akapata pesa kidogo, na mtaa mzima ukapoteza mashine. Na huenda hakujua kabisa nyutro ni nini. Akaja kuelewa akiwa gerezani, au kwa mzee wa mbabula.

Jambo jingine, na hili si la sinema: msimpandishe mwigizaji kwenye nguzo, hata mkiambiwa laini haina moto. Pigeni mikono, koleo, na kipande cha waya mlichonunua, mkiwa chini, anga likiwa nyuma.

Senario_Katuba

Mkubwa Waya, asante sana, hili la nyutro hatukulijua kabisa. Basi deni linapanda, si samaki tu, na friji pia. Tuandike dola 600?

Mwandishi_Kamalondo

Hapana. Acha 240 ya samaki. Friji ibaki bila kulipwa.

Iweke friji iliyoungua palepale dukani, imegeuka meza. Juu yake mizani, chini yake mifuko ya plastiki. Kila Jumamosi kijana anasimama mbele ya kitu ambacho hatakilipa kamwe na hakuna anayekitaja. Usimpe mhusika yeyote neno la kukieleza. Ikibidi mtu aeleze, basi umekosea pahali pa kuweka kamera.

Na mama awe na daftari. Deni zote za wateja zimo humo kwa majina. La kijana asiliandikie jina, aandike "samaki" tu. Siku jina lake litakapoandikwa, tutaona.

Dada_Klapu

Nakubaliana na kaka Kamalondo kwa mengi, ila kwa hili la msamaha anakwenda haraka. Hapa kwetu mtu hatoki gerezani akaenda peke yake mlangoni kwa aliyemkosea. Familia inatangulia. Wazee wanakaa, mjomba anasema, kijana ananyamaza. Ukilirukia hilo, watu watauliza huyu hana wakubwa?

Liandike fupi, ukurasa nusu. Viti vya plastiki uwanjani, mzee anasema maneno yale yanayosemwa, marefu, mazuri, na kamera haimtazami anayesema. Inatazama mikono ya mama, inachambua mchele au inakunja kitambaa. Wazee wanakubaliana na wanapeana mikono. Mama hakusema kitu. Familia zimepatana, yeye bado. Pengo hilo ndilo linalofanya Jumamosi 48 ziwe na maana.

Mwandishi_Kamalondo

Dada, hiyo ni bora kuliko yangu. Naondoa neno langu.

Nyongeza mbili tu. Maneno ya waigizaji yaandikwe kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Usimwandikie mama wa Katuba "nimekuja" na "watu wanasema". Yeye atasema "nilikuya", atasema "bantu banasema". Mwigizaji akilazimishwa sanifu, sura inakauka, anaigiza mtihani. Njia nzuri: andika maana ya kila mstari kwa ufupi, waigizaji wausome mara tatu, wafunge karatasi, waseme kwa maneno yao, wewe urekodi kwa simu. Andika upya senario kutoka kwenye rekodi. Halafu wekeni maandishi chini ya picha ya Kifaransa, na mkituma nje, ya Kiswahili sanifu pia, maana mtu wa Dar es Salaam atakosa nusu.

Na tafadhali, filamu isianze na bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya migodi, na mlima wake mweusi. Kila filamu ya mji huu inaanza hapo.

FundiBati

Kuhusu mbabula. Kama mhusika ni fundi, mafundi watamtazama mikono kabla ya uso.

Bati linatoka kwenye pipa la lita 200. Pipa lina urefu wa kama sentimita 88 na upana wa kama 58. Unatoa vifuniko viwili, unapasua ubavu kwa patasi na nyundo, unalikunjua na kulinyoosha juu ya chuma: unapata bati la kama sentimita 180 kwa 88. Mbabula yenye upana wa sentimita 30 inakula 94 za kuzunguka, ongeza 2 za pindo, 96. Kinachobaki, 84, kinatosha mbabula ndogo ya upana wa 26. Ukikata mistari mitatu ya kimo cha 28 au 29, pipa moja linakupa kubwa tatu na ndogo tatu. Vifuniko ndivyo sahani za kukalia makala (makaa), zinatobolewa matundu kwa msumari mnene. Mlango wa hewa unakatwa chini, upande mmoja. Mikono miwili, na vyuma vitatu vya kukalia sufuria.

Hizo ndizo hatua mnazoweza kuzigawa kwenye filamu. Mtu mpya hapewi patasi siku ya kwanza. Anapewa kunyoosha, kazi ya kelele na ya kuchosha mkono. Baadaye kutoboa. Kukunja pindo ni mwisho, maana pindo likikaa vibaya mbabula inafunguka ikipata moto. Kwa hiyo onyesheni mbabula yake ya kwanza imefunguka pindoni na mzee anairudisha kwenye chuma bila kusema. Mtazamaji ataelewa kijana alipofika bila mtu kusema "unaendelea vizuri".

Ya kuangalia kwenye upigaji:

Pipa lililokuwa na petroli au mazuti (dizeli) lina mvuke hata likionekana kavu. Cheche ya patasi inatosha. Nunueni lililokwisha funguliwa, au lioshwe kwa maji na sabuni, lijazwe maji, limwagwe mbele yenu. Mashine ya kukata isikaribie.

Bati lenye rangi likiwashwa mara ya kwanza linatoa moshi mchungu mpaka rangi iishe. Washeni jana yake, nje.

Makala yasiwake ndani ya chumba mlichofunga madirisha kwa ajili ya sauti. Gesi yake haina harufu, watu wanaanguka bila kujua. Ndani wekeni makala baridi na taa ndogo ya rangi ya chungwa chini yake.

Mwigizaji aje kwa fundi siku kumi kabla, saa moja kila siku. Kwa shoti za karibu tumieni mikono ya fundi wa kweli, lakini linganisheni kucha, makovu na mkono wa shati. Mwigizaji mwenye kucha safi anaangusha filamu nzima.

NuruYaPembeni

Mwanga. Nitakuwa mfupi pale ambapo vitabu vinatosha.

Picha 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila picha inapokea mwanga) 1/50. Umeme wetu ni hertzi 50, ukipiga picha 30 na shata 1/60 taa za dukani zitacheza mistari. Balbu za LED za bei ya chini hucheza hata kwenye 1/50, zijaribuni siku moja kabla na mbebe balbu zenu nne za kubadilisha.

Ngozi nyeusi sasa. Kosa linalorudiwa sana ni kumkalisha mhusika mbele ya ukuta mweupe wa chokaa, kamera inapima ukuta, uso unakuwa kivuli. Pima uso. Vitabu vingi vinaweka zebra, ile mistari ya kamera inayoonyesha kiwango cha mwanga, kwenye 70, hiyo ni ya ngozi nyeupe. Kwa nyuso zetu anzieni 40 hadi 50, halafu mtazame kwa macho. Ukuta ukipauka, usiongeze taa usoni, uondoe ukuta: geuza pembe, au tundika kitenge cha rangi nzito. Taa ikae pembeni, si mbele, ipite kwenye shuka jeupe. Ngozi nyeusi inaonekana kwa mng'ao wake, kwa hiyo poda ya kukausha iacheni, mafuta kidogo tu kwenye shavu na paji. Kwa fundi wa mbabula jasho ni zuri, maji ya kupuliza yapo.

Mwezi wa 6 jua linachomoza kama 6:30 na kuzama kama 17:55. Baada ya kuzama mna dakika 20 hivi za mwanga laini, haziongezeki. Ni shoti mbili, labda tatu kama kila kitu kimepangwa kabla. Saa za mchana, 11:00 hadi 14:00, jua linatoboa macho vishimo vyeusi: hapo pigeni ndani au chini ya turubai.

Vumbi jekundu la kiangazi linaingia kwenye kamera. Kubadilisha lenzi fanyeni ndani ya gari, madirisha yamefungwa, kamera ikitazama chini.

Jenereta ya kVA 2.5 kwa taa mbili za wati 60 ni kubwa mno, na inawaletea kelele bure. Betri moja ya gari, volti 12 na Ah 100, ina kama Wh (wati-saa) 1,200. Tumieni nusu tu ili msiiue, ondoa kinachopotea kwenye kigeuzi, mnabaki na kama Wh 500. Taa zenu zote mbili zinakula 120. Ni saa nne za kimya. Jenereta ichaji betri usiku.

SautiSafi

Hapo umenipunguzia kazi, ndugu Nuru.

Watu husamehe picha mbaya, sauti mbaya hawasamehe. Rekoda 48 kHz, biti 24, maneno yagonge karibu na -12 dB. Fimbo ya mikro ikae sentimita 40 hadi 50 juu ya kichwa, ikielekea kifuani. Wapi mwisho wa picha? Muulize mpiga picha kila shoti, usikisie. Mikro ya kifuani ifungwe kwa plasta ya hospitali, waya ufanye kitanzi kidogo chini yake ili mvuto usifike juu. Mwezi wa 6 asubuhi kuna baridi na watu watataka makoti ya nailoni. Wakataze. Nailoni inasema kuliko mwigizaji. Sweta ya pamba.

Nyundo. Hili ndilo gumu la filamu yenu. Pigo la nyundo kwenye bati linaruka juu ya sauti ya mtu mara nyingi, rekoda inapasuka. Msirekodi maneno na nyundo pamoja. Wakati wa maneno, wekeni mpira wa tairi la ndani juu ya chuma na kitambaa juu ya bati, mwigizaji apige kwa mwendo uleule. Halafu baada ya onyesho, kaeni na fundi dakika kumi, rekodini nyundo peke yake: mbali, karibu, pipa tupu, bati lililonyooka, kutoboa, kukunja. Kiwango kishuke, vilele visipite -6. Hizo ndizo sauti mtakazopanga kwenye montaji, yaani mkiunganisha filamu, na mtaweza kuweka pigo mahali ambapo mhusika alitakiwa kujibu na hakujibu.

Duka la samaki lina friji zinazounguruma. Ombeni ruhusa ya kuzichomoa kwa dakika 30, kisha chomekeni. Mtasahau. Kila timu husahau, na itakuwa filamu ya kuozesha samaki kwa ajili ya filamu ya samaki waliooza. Dawa ni moja: funguo za gari zinawekwa ndani ya friji. Hakuna atakayeondoka bila kuifungua.

Tembeleeni kila mahali siku ileile ya juma na saa ileile. Jumamosi ya Katuba si Jumanne. Spika za kanisa, mashine ya kusaga unga, baa. Na kila mahali kabla ya kufunga, watu wote wasimame kimya sekunde 60, rekodini hewa ya pale. Bila hiyo montaji itakuwa na mashimo.

Kwaya nayo hamuiwezi kwa mikro moja. Nafurahi imekufa.

Dada_Klapu

Ratiba. Kurasa 18 kwa siku tano ni kurasa tatu na nusu hadi nne kwa siku, inawezekana, ila si kwa kufuata mpangilio wa hadithi. Pigeni kwa mahali.

Duka la mama, Jumamosi zote nne, siku mbili mfululizo. Kamera ikae palepale kwa zote: pigilieni msumari chini ya kila mguu wa stendi, andikeni kimo, lenzi ya 50, umbali. Kinachobadilika ni watu na vitu tu: nywele, shati, rundo la mifuko, kovu la mkono. Mtazamaji atahesabu muda mwenyewe, hamtahitaji maandishi ya "baada ya miezi sita". Karakana siku moja na nusu. Kikao cha wazee asubuhi moja. Kutoka gerezani na rafiki, siku ya mwisho.

Mwezi wa 6 hakuna mvua, na hadithi yenu ina mwaka. Msilazimishe. Madumu matano ya lita 20 yanalowesha mahali pa shoti ya miguu tu, barabara hapana. Rudini watu watatu mwezi wa 12, misumari iko palepale, mpige Jumamosi moja mvua ikinyesha kwenye mabati. Saa moja inatosha.

Kasapa msiende na kamera. Geti lolote la chuma na ukuta wa matofali vinatosha, sauti ndiyo gereza: komeo, namba inayoitwa, nyayo. Sare za polisi msizitumie barabarani, watu watadhani ni za kweli, na polisi wa kweli hawatapenda. Barua kwa mkuu wa komine na kwa shefu wa kata ipelekwe majuma mawili kabla, iwe na tarehe, saa, idadi ya watu na orodha ya vifaa, nakala yenye muhuri ikae mfukoni mwa mtu asiyepiga picha, ili mkisimamishwa kazi isisimame.

Na kwenye ratiba andikeni 8:00, msiandike saa mbili. Nusu ya timu inahesabu saa za Kiswahili, nusu za Kifaransa.

MzeeWaMontaji

Wadogo zangu, mahesabu ya kadi. Kamera ikirekodi megabiti (Mb) 100 kwa sekunde, dakika moja inakula MB 750, saa moja GB 45. Mkipiga mara sita kwa kila dakika ya filamu, ukurasa ni kama dakika moja, basi 18 mara 6 ni dakika 108, ni GB 81. Kadi mbili za 64 zinatosha kwa siku zote, lakini msizifute. Kila jioni nakala kwenye diski mbili, zilale nyumba mbili. Fungueni faili tano za kwanza na tano za mwisho mtazame, kunakili kusiko na kutazama si kunakili. Klapu, kile kibao cha kugonga mwanzoni, ipigwe kila shoti, hata ya mikono.

Kurasa za kazi bila maneno huwa ndefu kuliko dakika moja. Msishangae mkiunganisha mara ya kwanza na kupata 23. Kata kwanza vichwa vya maonyesho: mtu anaingia, anasalimia, anakaa. Ingia amekaa. Ila Jumamosi ya pesa kwenye mizani msiikate. Ule mshale usiosogea ushikwe sekunde nne, mwili utakuambia ukate kwenye mbili. Usiusikilize.

Muziki ufuate mwisho kabisa. Kama onyesho halisimami bila muziki, rudi kwenye senario.

Maandishi chini ya picha: mistari miwili, herufi kama 40 kwa mstari, yasikae chini ya sekunde moja. Mama akisema maneno kumi kwa haraka, tafsirini manne.

Senario_Katuba

Tumeandika upya. Mwisho sasa uko hivi, mtuambie:

Jumamosi ya 48. Kijana anaweka dola 5. Mama anafungua daftari, anapiga mstari kwenye "samaki". Kijana anageuka kuondoka, anasimama, anaomba samaki kilo moja. Mama anatazama kidogo, anapima, anasema bei. Kijana anahesabu, pesa imepungukia faranga 500. Mama anatabasamu, anamwambia chukua tu.

Mwandishi_Kamalondo

Karibu sana. Ila "chukua tu" ni kwaya imerudi kwa mlango wa nyuma. Asimpunguzie. Avute daftari, achukue kalamu, amuulize jina. Kijana alitaje. Mama aandike jina na 500, kama anavyowaandikia wateja wote.

Dada_Klapu

Hapo niliguna peke yangu. Mwacheni hivyo, msiongeze shoti.

NuruYaPembeni

Jina lipigwe kwa lenzi ya 50, karibu, kalamu ya bluu. Karatasi nyeupe itapauka, funika dirisha la kushoto.

SautiSafi

Kalamu kwenye karatasi irekodiwe peke yake, sentimita 15, friji zimechomolewa. Funguo za gari ziko wapi?

Senario_Katuba

Ndani ya friji, kaka.

Waya_na_Nguzo

Ile inayofanya kazi, au ile iliyoungua?